Kioo cha Dirisha na Deni la Marehemu



Katika koti la marehemu baba yetu, lile la kijivu alilolivaa asubuhi za baridi akienda sokoni, tulikuta vikaratasi 43. Tulivihesabu mbele ya mama, juu ya mkeka, katika wiki ya tatu ya eda yake. Vingine vilikuwa vipande vya daftari la shule, vingine migongo ya risiti za duka, na kimoja kilikatwa kwenye pakiti ya majani ya chai. Vyote vilikuwa vimekunjwa mara nne au mara nane hata vikawa vidogo mfano wa hirizi, na vyote vilikuwa na mwandiko wake.

Hatuandiki haya ili kumsifu baba yetu wala kuanika siri za nyumba. Tunaandika kwa sababu kikaratasi kimoja miongoni mwa vile kilitufanya tumpunje mtu haki yake bila ya kukusudia, na kilichotutoa katika dhuluma hiyo kilikuwa kipande cha kioo cha dirisha. Tunadhani nyumba nyingi zina koti kama lile.

Sisi ni dada watatu, wazaliwa wa Kisumu. Babu yetu alitoka Mombasa kuja kufanya kazi bandarini, katika mji uliokuzwa na reli. Njia ya reli kutoka pwani ilifika ukingoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, na kituo kile kikaitwa Port Florence kabla jina la Kisumu halijashika. Miongoni mwa walioifuata reli hiyo walikuwamo watu wa pwani, nao walikuja na kanzu zao, vyuo vyao na desturi zao. Baba alizaliwa huku bara, lakini utotoni alirudishwa Mombasa akasome chuo pamoja na dada yake, shangazi yetu. Huko ndiko alikojifunza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na hadi kufa kwake hesabu zake zote aliziandika hivyo.

Kazi yake ilikuwa omena, wale samaki wadogo ambao ndugu zetu wa pwani huwaita dagaa. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na kukipambazuka huanikwa juani. Baba aliwanunua kwa kina mama wa Dunga, akawatia magunia na kuwapeleka Mombasa. Mara nyingi alichukua mali leo akalipa baada ya kuuza, na kila alipochukua aliandika. Alikuwa akitukumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu ni ile ya Surat al-Baqara inayohusu kuandikiana madeni. Basi aliandika, ila aliandika kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu na mkono, akaikunja na kuitia mfukoni.

Tumefundishwa tangu tukiwa wadogo kwamba mali ya maiti haigawanywi mpaka madeni yake yalipwe. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza habari ya duka wala kiwanja, ilitupasa kujua baba alidaiwa nini na nani. Hapo ndipo tulipokwama. Sisi tunasoma Qur'ani, walhamdulillahi, lakini msahafu una irabu na herufi zake zimepangwa. Mwandiko wa baba ulikuwa wa haraka, hauna irabu, na baadhi ya nukta za herufi alizirusha tu. Mama hakujifunza kuusoma. Mtu mmoja tu aliyebaki duniani ndiye aliyeweza kuusoma bila ya kubahatisha, naye ni shangazi, na shangazi yuko Mombasa, miguu haimchukui tena. Mama naye alikuwa ndani ya eda. Kaka yetu wa pekee yuko Maskati kikazi. Ikawa hakuna njia ila kupiga picha kwa simu, tumpelekee shangazi azisome huku mjukuu wake akimkuzia maandishi.

Tulidhani ni kazi ya jioni moja. Ikatuchukua wiki nne.

Karatasi iliyokaa miaka mfukoni, katika mji wenye unyevu wa ziwa, hujikunja kama jani kavu. Ukiilaza, pembe zinainuka. Ukizishika pembe kwa vidole, vidole vinafunika maneno na kivuli cha mkono kinalala juu ya mstari. Simu nayo ikilenga sehemu iliyoinuka, ile iliyolala hutoka na ukungu. Shangazi akatupigia simu akasema, "Wanangu, karatasi zenu zimekunja uso. Mtu aliyekunja uso nitamsomaje?"

Hata hivyo alijitahidi. Kati ya zile alizosoma siku za mwanzo ilikuwamo moja ya mwezi wa Machi 2020. Iliandikwa jina la mama mmoja wa Dunga ambaye sote tulimjua, kisha maneno "magunia matatu," kisha kiasi: shilingi 1,800. Tuliitazama picha ile nasi, tukaona hivyo hivyo. Tukaitazama karatasi yenyewe, tukaona hivyo hivyo. Mkunjo ulipita ubavuni mwa tarakimu ya mwisho, umefumba kama mdomo, na hatukuthubutu kuufumbua kwa kucha kwa kuwa karatasi ilikwisha kuanza kupasuka hapo.

Tukamtumia yule mama shilingi 1,800 kwa simu, tukampigia kumweleza kwamba ni deni la marehemu na kumwomba amsamehe kwa kuchelewa. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Asanteni, watoto wangu. Mungu amlaze baba yenu pema." Hakuongeza neno. Tukafunga mlango wa deni lile tukajiona tumetimiza wajibu.

Aliyeufungua tena mlango huo alikuwa binti ya shangazi, ambaye huuza dagaa soko la Kongowea. Alikuwa akipitia orodha yetu, akauliza swali moja tu: "Ni mwaka gani magunia matatu ya dagaa yaliuzwa shilingi 1,800?"

Hatukuwa na jibu. Kaka akasema kutoka Maskati kwamba huenda lile lilikuwa baki tu, kwamba baba alikwisha kulipa sehemu kubwa, na kwamba sisi tufuate kilichoandikwa wala tusiingize dhana. Hoja yake haikuwa mbaya. Lakini tulikumbuka kimya cha yule mama kwenye simu. Tulikumbuka pia kwamba mwezi wa Aprili mwaka ule njia za kuingia na kutoka Mombasa zilifungwa kwa sababu ya korona, biashara ya baba ikasimama, na baada ya hapo afya yake ikaharibika. Angelipa lini?

Tukamwendea jirani yake atuulizie kwa adabu kama yule mama alikuwa na hesabu yake mwenyewe. Jibu likaja kwamba alikuwa na daftari, lakini lilipotea mwezi wa Mei 2020, wakati ziwa lilipopanda likapita hata kile kiwango cha mwaka 1964 walichokuwa wakikisimulia wazee. Nyumba yake iliingia maji. Daftari, picha za wanawe na kadi zao za kliniki, vyote viliondoka. Kwa hiyo katika dunia nzima ushahidi wa deni lile ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mikononi mwa wadaiwa. Tulipoyasikia hayo tulikosa usingizi.

Tukarudi kwenye mkeka, safari hii tukiwa na nia ya kuzinyoosha karatasi kwelikweli.

Mmoja wetu alijaribu pasi. Alianza na kikaratasi kilichoandikwa nyuma ya risiti ya duka, akaipitisha pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa, na papo hapo risiti ikageuka nyeusi. Risiti nyingi za siku hizi hazichapwi kwa wino. Karatasi yenyewe imepakwa dawa inayogeuka rangi kwa joto. Bahati njema maandishi ya baba yalikuwa ya kalamu upande wa pili, nayo yakasalimika, lakini somo lilikwisha kuingia. Mwingine akashauri selotepu. Mama alikataa kabla hatujaikata, akasema aliwahi kubandika cheti kwa selotepu, na baada ya miaka ilibaki alama ya njano, na herufi zikatoka na plastiki. Tukajaribu kuzilaza chini ya vitabu vizito usiku kucha. Asubuhi zilikuwa zimenyooka, lakini tulipoviondoa vitabu ili kupiga picha, kabla simu haijawa tayari zilikwisha kuanza kuinuka. Tukaelewa kwamba tulihitaji kitu kizito kinachoikandamiza karatasi na bado macho yapenye.

Kitu hicho kilikuwa kimesimama nyuma ya mlango wa stoo miaka mingi. Nyumba yetu ina madirisha ya luva, vile vioo virefu vinavyopangwa kama vidato vya ngazi na kufunguliwa kwa mkono mmoja. Kilikuwapo kimoja cha akiba. Upana wake ni inchi 6, ni kinene, kina uzito wake, na kingo zake ndefu zimelainishwa kiwandani ili zisikate mkono. Tulimpelekea fundi wa vioo karibu na soko la Kibuye akatukatia kipande cha inchi 9, akakisugua upande uliokatwa kwa jiwe mpaka ukali ukaisha. Nyumbani tukachukua ubao wa kukatia mboga ambao ulikuwa bado mpya, tukaufunika kwa kipande cha buibui kuukuu la mama, tukakivuta kikakaza na kukipigilia misumari midogo upande wa chini. Kioo tukakiunganisha na ubao kwa utepe wa kitambaa upande mmoja, kikawa kinafunguka na kufungwa kama jalada la kitabu.

Hicho ndicho kifaa chote. Karatasi hulazwa juu ya kitambaa, kioo hushushwa taratibu, nayo inabaki imelala kwa muda wote unaohitajika.

Weusi wa kitambaa una faida ambayo hatukuitarajia. Karatasi nyembamba iliyoandikwa pande mbili, ikiwekwa juu ya kitu cheupe, maandishi ya nyuma hujitokeza mbele yakachanganyika na yale unayotaka kuyasoma. Juu ya kitambaa cheusi yale ya nyuma hufifia.

Kioo nacho kilikuja na taabu yake. Picha ya kwanza tuliyopiga ilionyesha taa ya dari, sura ya dada yetu mkubwa na mtandio wake, na chini ya hayo yote, kwa mbali, mwandiko wa baba. Tukajifunza kwa kukosea. Flashi huzimwa. Taa ya juu huzimwa pia, na ubao husogezwa karibu na dirisha ili mwanga uingie kwa ubavuni. Mpigaji hushika simu nyuma ya kitambaa cheusi kilichotobolewa tundu la kamera, ili kioo kikimtazama kisione cha kurudisha. Simu haishikwi hewani, bali hulazwa juu ya makopo mawili yenye kimo sawa, uso wake ukiwa sambamba na karatasi, ili mistari isipinde. Kioo hufutwa kila mara kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa vumbi moja dogo juu ya kioo laweza kudhaniwa nukta.

Na habari yetu yote ilikuwa habari ya nukta.

Kile kikaratasi cha Machi 2020 tulikiacha chini ya kioo tangu alasiri mpaka baada ya swala ya Isha. Hatukukilazimisha. Uzito wenyewe ulikuwa ukiufumbua ule mkunjo kidogo kidogo. Asubuhi, jua lilipoingia dirishani, tukapiga picha tatu na kumpelekea shangazi. Hatukuzituma kama picha za kawaida, bali kama waraka, kwa kuwa simu hupunguza ubora wa picha inapoituma kwa njia ya kawaida. Alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Sifuri ngapi mnaziona?"

Wasomaji wetu wanajua kwamba katika tarakimu za Kiarabu sifuri ni nukta. Haina duara wala tumbo. Ni tone moja la wino. Tuliziona nukta mbili siku zote. Sasa, ndani kabisa ya bonde la mkunjo uliofunguka, ilikuwako ya tatu. Deni halikuwa shilingi 1,800. Lilikuwa shilingi 18,000.

Kaka hakukubali mara moja, na hatukumlaumu. Alisema nukta ndani ya mkunjo yaweza kuwa uchafu, na kwamba mali ile ina haki ya mama na ya kila mrithi, haitolewi kwa tone la vumbi. Shangazi ndiye aliyemaliza shauri. Akatwambia tuitazame ile alama iliyo chini ya tarakimu. Baba alikuwa na tabia, tangu chuoni, ya kupiga mstari mfupi chini ya kila kiasi ili mtu asiongeze kitu baadaye. Mstari ule haukuishia chini ya nukta ya pili. Uliendelea, ukaingia kwenye mkunjo, ukaipita ile ya tatu, ndipo ukakoma. Tukavikagua vikaratasi vingine vyote: kila mstari ulikomea pale kiasi kilipokomea. Kaka akanyamaza, kisha akasema, "Lipeni. Na sehemu yangu itangulie."

Kwa siku nyingi baadaye tuliulizana sisi kwa sisi swali ambalo hakuna mrithi aliyetuuliza. Kwa nini tuliridhika upesi na ile 1,800? Tulikuwa na karatasi mkononi, tulimjua yule mama, tulijua gunia huuzwaje. Hatukusema uongo, lakini tuliona kiasi kidogo na macho yetu yakatosheka nacho. Lau ile karatasi ingetuonyesha kwamba sisi ndio tunaodai, nadhari yetu ingekuwa kali zaidi. Mkunjo wa karatasi uliificha nukta, na tamaa ndogo ya nafsi ikausaidia mkunjo.

Tulikwenda Dunga wote watatu, na mama aliyekuwa bado edani akatupa kanga mpya ya kumpelekea. Hatukutuma fedha kwa simu mara hii. Tulimkabidhi zilizobaki, shilingi 16,200, mkononi mwake, tukamwonyesha picha na tukamweleza habari ya nukta. Aliicheka kidogo. Tukamuuliza kwa nini hakutwambia siku ile kwamba tulichotuma hakikutosha. Akajibu, "Ningesema nini? Daftari langu limekwenda na maji. Baba yenu hakuniibia hata siku moja, na nyinyi mlikuwa mnalia. Nikasema, Mungu anajua hesabu." Kisha akatutilia omena kwenye mfuko, akakataa katakata tulipe.

Tangu siku ile ubao wetu haujarudi stoo. Majirani huja nao vyeti vya kuzaliwa vya zamani, hati za ndoa, kadi za kliniki za watoto, na vitambulisho vya babu zao. Sisi Waislamu wa nchi hii tunajua uzito wa vikaratasi hivyo. Ndugu zetu Wanubi, ambao baadhi yao wanaishi hapa hapa Kisumu, walihangaika miaka mingi kuthibitisha uraia, hata shauri la watoto wao likafika mbele ya kamati ya Afrika ya haki za mtoto, iliyotoa uamuzi mwaka 2011 kwamba haki zao zilikiukwa. Mtu anayeombwa karatasi ya babu yake hawezi kusema ilikunjamana.

Kwa wanaotaka kujitengenezea, tunaongeza machache. Kioo chochote kinene kisicho na mikwaruzo chafaa, mradi kingo zimelainishwa na watoto hawakichezei. Karatasi yenye unyevu iachwe ikauke kivulini kwanza. Picha za zamani zilizochapwa msiziweke chini ya kioo zikiwa na unyevu hata kidogo, kwa kuwa uso wake hulainika ukaganda kwenye kioo. Sisi tulipoteza nusu ya uso wa bibi yetu siku ya arusi yake kwa njia hiyo, na haukurudi. Msizitie karatasi za asili ndani ya plastiki ya kuchomwa kwa moto. Picha ya simu haichukui nafasi ya hati, bali huilinda isishikwe-shikwe, kwa hiyo hati yenyewe itiwe kwenye bahasha kavu na kupewa namba. Na picha za vitambulisho na madeni ya watu zisizungushwe kwenye makundi ya simu. Aliyewaachia karatasi amewaachia na siri yake.

Kazi hii si ngeni kwa watu wa pwani. Miswada ya Msikiti wa Riyadha huko Lamu imepigwa picha za kidijitali kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza unaohifadhi kumbukumbu zilizo hatarini. Huko ni ilimu ya wanazuoni na vifaa vya kitaalamu. Huku kwetu ni ubao wa mboga, kipande cha buibui na kioo cha luva, na mwandiko wa muuza omena. Lakini amana ni amana.

Siku mama alipotoka eda tulimsomea orodha nzima ya vile vikaratasi 43. Vyote vimelipwa, ila viwili ambavyo wenyewe walisamehe na kimoja ambacho mwenyewe bado tunamtafuta. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaliomba lile koti la kijivu, akaipitisha mikono yake ndani ya mifuko yote, hata ule mdogo wa ndani, kisha akalikunja na kuliweka sandukuni.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu na waliotutangulia, na atuwezeshe kuzitimiza amana walizotuachia. Amin.